Zamu ya Kaloki Mtoni

Kila jioni baada ya shule, Kaloki na dada yake Mutanu walimswaga punda hadi mtoni, upande wa Mutomo. Mto wenyewe ni mchanga mtupu, maji huchimbwa. Kiangazi kikikaza, shimo huzidi kimo cha mtu. Mmoja hushuka kuchota kwa kibakuli, mwingine hubaki juu akivuta ndoo kwa kamba na kuuangalia ukuta. Mchanga ukianza kudondoka, anapiga kelele. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kaloki.

Ijumaa moja, binamu yao Mwangangi alikuwa ukingoni na wavulana wenzake, simu mkononi.

"Kaloki, bado unachota maji na akina mama? Utasuka nywele lini?" Wavulana wakacheka. "Njoo usikie huyu jamaa kwenye video. Anasema mwanamume hatumwi na mwanamke."

"Usiende, wewe!" Mutanu aliita kutoka shimoni. "Mchanga umelegea."

"Hata baba habebi maji," Kaloki akajibu. Akaiacha kamba.

Video haikuwa imekwisha punda alipolia. Kaloki alipogeuka, shimo halikuwapo.

Wanawake waliokuwa wakichota jirani walifukua kwa mikono na sufuria. Mutanu alitolewa hai, mguu umevunjika, mdomo umejaa mchanga. Na Mwangangi? Alikuwa ameshajiendea na simu yake.

Mama yao, Kasiva, aliporudi kutoka hospitali, baba yao, Mzee Ndolo, aliomba maji ya kunywa.

"Mtungi ni mkavu," mama akasema. "Aliyekuwa akikuletea amefungwa plasta. Daktari anasema atachechemea."

Baba akainuka. Akachukua koleo na jerikeni. "Kaloki, twende."

Mtoni vijana wakamwona. "Mzee Ndolo, leo umeolewa?"

"Chekeni," baba akasema, akilipanua shimo ili kingo zilale. "Lakini maji mliyokunywa asubuhi yalibebwa na mgongo wa nani?"



Mutanu alirudi nyumbani kwa magongo. Kaloki akampelekea kikombe cha maji. Aliyanywa yote, akageukia ukuta. Kaloki akabaki amesimama na kikombe kitupu.

"Usingoje asante," baba akamwambia. "Yeye amechota miaka yote, nani alimshukuru? Maneno ya ile simu uliyaamini kwa sababu uliyaona kwangu kwanza. Mwanamume ni yule asiyeondoka pale mwenzake anapomtegemea. Mimi na wewe tuliondoka, na aliyevunjika ni yeye. Haya, shika kamba, twende mtoni."