Viti Vyeusi vya Kisilu

Mama alipoinuka kutoka kwenye kiti, wanawake wote wa kanisa wakamkodolea macho. Gauni yake nyeupe ya chama cha akina mama ilikuwa nyeusi nyuma, kuanzia kiunoni mpaka chini.

"Ndinda," akaita akiangalia dirishani, "huyu kijana wako amenipaka nini?"

Sasa mimi ningejuaje? Nilikuwa ndani na shangazi Kalondu, nikichungulia, nikingoja kuitwa. Siku hiyo Kisilu alikuwa ameleta ntheo, zile mbuzi za kufunga uchumba, tena akaongeza viti vya sebule. Mama ndiye alivitaka. Alisema waziwazi kwamba binti yake hatoki kwake bila viti vya mpingo, vyeusi tititi, kama vya yule tajiri wa Tawa. Vilipofika akavisifu mpaka majirani wakachoka, kisha akakikalia cha mbele, pale uani, jua la Mbumbuni likiwaka.

Baba akakwaruza mguu wa kiti kwa kisu. Chini ya ule weusi mti ulikuwa mweupe.

"Hii ni jakaranda," akasema. "Umeipaka nini?"

"Rangi ya viatu, mzee," Kisilu akajibu.

Akaeleza, macho chini, kwamba kazi alijifunza kwa wachongaji wa Wamunyu. Huko ukishachonga twiga wa jakaranda unampiga msasa, unampaka rangi ya viatu, unamsugua kwa kitambaa mpaka ang'ae, na mtalii ananunua akidhani ni mpingo. Maskini, hakuwahi kufikiria kwamba twiga hakuna mtu humkalia, tena kwa jua kama lile.

Mtu mmoja akacheka. Mimi nikataka kucheka, halafu kulia, halafu nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nikatoka nje bila kuitwa, jambo ambalo msichana wa ntheo hafanyi.

"Kisilu, ulisema ni mpingo?"

"Sikusema. Mama alisema, mimi nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Mpingo siwezi kuupata. Na wewe sikutaka kukukosa."

Jibu gani hilo? Lilinipendeza na likanichoma papo hapo. Kama ananyamaza kwa sababu ya kiti, tukioana atanyamazia nini? Lakini pia, nani mwingine amewahi kuumiza vidole akisugua mbao kwa ajili yangu?

Mama akasema mbuzi zifunguliwe zirudi kwao. Shangazi akasema tuombe kwanza. Baba akawanyamazisha wote, akaniuliza lile swali ambalo kwetu huulizwa msichana mwenyewe, na hakuna wa kumjibia.

"Ndinda, mbuzi hizi tuchinje, ama zirudi?"

Nikamwangalia Kisilu. Nilimpenda. Pia sikumwamini. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna aliyenifundisha mtu hufanya nini yakija pamoja.

"Chinjeni," nikasema. "Lakini viti avirudishe, avipige msasa mpaka viwe vyeupe. Nitavikalia hivyo hivyo."

"Na wageni wakisema ni jakaranda?" Mama akauliza.

"Watakuwa wamesema kweli, Mwaitu."

Mama akaingia ndani kubadilisha gauni, mbuzi zikavutwa nyuma ya nyumba, na mimi nikabaki pale uani, mchumba wa mtu, nikijiuliza kama nimeshinda ama nimeshindwa.