Maboksi Nyuma ya Tangi

Kila asubuhi, baba yake akiwa bado msikitini, Swaumu alikuwa ameshaanza kufagia ua wa nyumba yao ya Ilala. Alianzia jikoni, akapita chini ya kamba ya nguo, akamalizia getini, mahali ilipolala pikapu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake alipenda kuwaambia majirani kwamba fagio la Swaumu halibakizi hata punje ya mchele.

Pikapu ilikuwa mpya. Baba yake, Mzee Abdulkadiri, aliitumia kubeba mabelo ya vitenge kutoka maghala ya Kariakoo, na riziki ya nyumba nzima ilikaa mgongoni mwake. Ilikuwa ya otomatiki, isiyohitaji dereva kubadili gia kila mara, na bado ilikuwa kwenye waranti. Maana yake ni kwamba kampuni iliyoiuza iliahidi kuitengeneza bure ikiharibika kwa kosa lao, ilimradi asiiguse fundi wa nje.

"Hata vumbi lake mlifute kwa adabu," baba alikuwa akitania. Kisha, bila utani, alisema, "Na mkono wa gia asiuguse mtu."

Swaumu aliugusa. Ilikuwa Jumamosi, pikapu imetoka tu kufanyiwa sevisi na kubadilishwa oili ya gia huko kwenye kampuni. Baba aliingia ndani kula, akauacha mlango wa gari wazi. Swaumu akakaa kwenye kiti cha dereva, akajifanya yuko safarini kwenda Morogoro, akauvuta mkono wa gia. Haukwenda. Akauvuta kwa mikono miwili. Ndani kukalia "ka". Akashuka mbio na kwenda kujibanza nyuma ya nguo zilizoanikwa.

Asubuhi ya pili yake, alipofika getini na fagio, aliona doa kwenye sakafu chini ya pikapu. Lilikuwa dogo kama kifuniko cha soda, jekundu kama rangi ya ubuyu. Alipoligusa, lilimteleza kidoleni.

Nimelivunja, aliwaza. Gari linatoka damu.

Akalifukia kwa mchanga, akafagia, akaenda kunawa.

Siku hiyo kulikuwa na shughuli ya arobaini ya mtoto mchanga wa dada Ummy, jirani yao, na mama alirudi na katoni tupu ya maji iliyoandikwa kwa kalamu nene, "SHUGHULI YA UMMY". Jioni, Swaumu alipokwenda kufunga geti kama kawaida yake, aliikunjua ile katoni na kuisukuma chini ya pikapu. Asubuhi aliivuta. Doa lilikuwepo. Akaificha nyuma ya tangi la maji, na jioni akatafuta katoni nyingine.

Ikawa ndiyo desturi yake. Maboksi hayakukosekana, kwa kuwa baba alirudi nayo kila siku kutoka Kariakoo. Madoa ndiyo yaliyozidi kukua, yakawa kama kisahani, halafu kama sahani. Kuyatupa maboksi hakuthubutu, maana mzoa taka hupekua. Kuyachoma hakuthubutu, maana moshi huita watu. Akaendelea kuyarundika nyuma ya tangi, na kila baba alipoita, "Swaumu!" alitazama kwanza upande wa tangi, hata kama alikuwa anaitiwa maji ya kunywa tu.

Upande wa pili wa ukuta wa nyumba yao palikuwa na gereji ndogo ya fundi Uledi. Watoto wote wa mtaa walimwita Mjomba. Alikuwa na tabia moja ambayo wengi hawakuiona: ikifika saa ya watoto kufanya kazi za shule, aliacha kugonga bati, akafanya kazi zisizo na kelele mpaka wamalize. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Jioni moja baba alisimama naye getini. "Uledi, hili gari siku hizi linavuta kivivu. Nakanyaga, linanguruma tu, halafu ndiyo linakumbuka kwenda."

"Oili ya gia inaweza kuwa imepungua, Baba Swaumu. Mie siligusi, lina wenyewe. Lakini asubuhi tazama chini. Kama linavuja, sakafu itakwambia."

"Sakafu? Naitazama kila siku. Binti yangu anafagia, chini peupe kabisa."

"Basi kama hakuna doa, oili ipo. Labda ni mzigo tu."

Swaumu alikuwa ameshika komeo la geti. Alitaka kusema kuhusu maboksi. Akafunga geti.

Haikupita wiki, alirudi kutoka shule akakuta watu wamejaa uani. Pikapu ilikuwa imemgomea baba katikati ya Mtaa wa Msimbazi ikiwa na mabelo mgongoni, magari yakimpigia honi nyuma. Alimpigia simu Uledi amsaidie walau aitoe barabarani. Uledi alikimbia, akakuta oili ya gia imekauka, akakaza nati ya chini kwa spana, akaongeza oili aliyoipata duka la karibu, wakakokotana hadi nyumbani. Harufu ya kitu kilichoungua ilijaa ua mzima.

Kampuni ilituma gari la kuvuta. Kesho yake, baba alirudi kutoka huko amekunja uso, akapita moja kwa moja hadi gerejini. Swaumu aliyasikia yote kupitia ukutani.

"Wamekataa, Uledi. Wanasema nati ina alama mpya za spana, na oili iliyomo siyo yao. Fundi wa mtaani amelifungua, basi waranti hakuna. Giaboksi nzima imeungua."

"Baba Swaumu, mimi nililikuta limeshakauka."

"Limekaukia wapi? Oili ilikwenda wapi? Chini palikuwa peupe kila siku ya Mungu."

"Hilo hata mimi linanishinda."

"Linakushinda kwa sababu ni wewe uliyeimwaga pale barabarani ulipofungua nati. Nimekuita unisaidie, umeniua."

"Sikufungua. Nilikaza."

"Kesho utakwenda kulisema hilo polisi," alisema baba.

Uledi alirudi kugonga bati. Muda kidogo baadaye, ilipofika saa ya watoto kusoma, Swaumu alisikia nyundo ya gerejini ikinyamaza. Hata siku ile, Mjomba Uledi alikumbuka.

Kunyamaza kwa nyundo ndiko kulikomliza. Alilia juu ya daftari mpaka hesabu zikaloa. Alimwogopa baba. Aliwaogopa polisi, ambao sasa aliamini wangekuja kumchukua yeye. Lakini mbele ya macho yake alimwona Uledi akipakizwa kwenye gari lao, na yeye mwenyewe amesimama getini na fagio, akinyamaza.

Akaenda nyuma ya tangi.

Baba alikuwa amekaa barazani na mama. Uledi alikuwa anafunga gereji yake. Swaumu alikuja akiburuta maboksi, akayatandaza uani moja baada ya jingine, bila kumtazama mtu. Alipomaliza, ua ulijaa madoa mekundu.

"Baba, oili ilikwenda hapa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Nilikuwa naficha. Nilivuta mkono wa gia, gari likavunjika, likaanza kutoka damu. Mjomba Uledi hakufanya kitu. Nipeleke mimi polisi."

Baba alisimama. Swaumu alifumba macho, akasubiri kofi. Halikuja. Alipofumbua, baba alikuwa amechuchumaa mbele ya katoni ya kwanza, anasoma maandishi.

"Mama Swaumu, shughuli ya Ummy ilikuwa lini?"

"Jumapili ile. Kesho yake baada ya gari kutoka sevisi," mama alijibu.

"Uledi," baba aliita. "Hebu njoo."

Uledi aliingia, akayatazama maboksi kwa muda, kisha akachuchumaa mbele ya Swaumu mpaka macho yao yakawa sawa. "Sikiliza, mwanangu. Gari likiwa limezimwa, mkono wa gia hufungwa makusudi, ndiyo maana haukuvutika. Hata angeuvuta bondia, asingevunja kitu. Hii oili imetoka kwenye nati ya chini, ile wanayoifungua wakati wa sevisi. Hukulivunja wewe."

Swaumu alimwangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Wiki zote zile alikuwa amebeba mzigo usio wake.

Asubuhi walikwenda kwenye kampuni watatu: baba, Uledi na Swaumu, maboksi yamefungwa kamba. Mkuu wa karakana alikuwa mama mmoja aitwaye Hyasinta. Alipomwona mtoto anatetemeka, kabla ya kusikia lolote, alimvutia kiti na kumpa maji.

Baba alipomaliza kueleza, Mama Hyasinta alitikisa kichwa. "Mzee wangu, nakuelewa. Lakini boksi linaweza kuchafuliwa popote. Nitajuaje?"

Baba alimgeukia Swaumu. "Mwambie ulivyoniambia mimi."

Swaumu alisimama. Alieleza tangu mkono wa gia, mchanga, katoni ya Ummy, mpaka maneno aliyoyameza siku ile getini. Hakuruka hata lile linalomtia aibu. Mafundi waliokuwa karibu waliacha kazi, wakasikiliza.

Alipokaa, kijana mmoja aliyevaa ovaroli aliweka chini spana yake na kusogea. Shati lake lilikuwa limeloa jasho kifuani.

"Mama," alimwambia mkuu wake, "hilo gari nililifanyia sevisi mimi."

"Wewe, Gaudens?"

"Ndiyo, mama. Ile washa ya nati, kile kipete kinachozuia oili isivuje, ilitakiwa niweke mpya. Zilikuwa zimeisha stoo. Nikarudisha ya zamani. Nilipoona gari limeletwa limeungua nikajua, nikaogopa kusema."

Mama Hyasinta aliingia chini ya pikapu mwenyewe, nguo zake nzuri zikigusa sakafu. Alipotoka, alikuwa ameshika kipete kilichobanwa kikawa chembamba kama karatasi.

"Kosa ni letu," alisema. "Giaboksi tutabadilisha sisi. Na wewe, fundi Uledi, tunakuomba radhi. Tulikutupia lawama bila kutazama." Kisha akamwambia yule kijana, taratibu, "Sisi wawili tutazungumza ofisini. Lakini umesema, na hilo nitalikumbuka."

Gari lilichukua muda mrefu kutengenezwa, na baba alibeba mizigo kwa kukodi mkokoteni siku zote hizo. Siku ile waliyotoka kwenye kampuni, njiani kurudi, alimwomba Uledi msamaha mbele ya Swaumu. Uledi alicheka kidogo. "Yameisha, Baba Swaumu. Ila nyumbani kwako leo mtanipa chai."

Waliinywa barazani, na mama akaongeza maandazi. Swaumu aliinamisha kichwa. "Mjomba, nisamehe. Ningesema siku ile getini, gari lisingeungua."

"Hilo ni kweli," alisema Uledi. "Sitakudanganya."

Baba aliweka kikombe chini. "Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Gari lilikuwa linatuambia kila asubuhi kwamba linaumwa, ukalifunika mdomo kwa sababu ya woga. Nami nina fungu langu. Kama mtoto anaona bora kuficha damu ya gari kuliko kuja kwangu, basi ukali wangu umepita kipimo. Kosa usilolisema hukua. Hata lisilo lako, ukilificha, linakuwa lako. Ukiogopa, njoo na woga wako hivyo hivyo. Njoo ukitetemeka, lakini njoo."

Pikapu iliporudi, Swaumu aliendelea kufagia kama zamani. Lakini sasa akifika getini, alimngoja baba atoke msikitini, wakachuchumaa pamoja na kuchungulia chini.

"Peupe?" baba aliuliza.

Swaumu alitazama vizuri, mpaka nyuma ya tairi la mbali.

"Peupe, baba."

Upande wa pili wa ukuta, Uledi aliipokea asubuhi kwa nyundo yake.