Hendeli za Orry

Giza lilikuwa linaingia Finlo Mylrea alipotoka Ballasalla na gari lake bovu, hendeli mbili za marehemu kaka yake zimeviringishwa kwenye gazeti kando yake. Usidhani ni hendeli za kawaida. Hizi ni zile fupi za mashindano, vipande viwili, kila kimoja na kibanio chake, vinavyofungwa kwenye shokapu za mbele badala ya ule usukani mrefu. Ukizifunga, unaendesha umelalia tangi kifudifudi. Vijana wa kisiwani kwetu wanazipenda kuliko chakula.

Mzee Cubbon, fundi wa kuchomelea, alikuwa amezikagua kwa taa asione ufa hata mmoja. Alimtania Finlo kwamba hata maiti siku hizi wana maneno kuliko yeye. Finlo hakucheka wala hakukasirika. Alichukua mzigo wake akaondoka. Ndivyo alivyokuwa tangu mazishi: hakulia, hakugomba, hakunywa. Mwili mzima kama ufizi uliodungwa sindano ya ganzi.

Njiani kuna lile daraja dogo jeupe. Sisi watu wa kisiwa cha Man tuna adabu moja ambayo wageni huicheka mpaka yawakute. Ukipita pale unawaamkia Wadogo, wale viumbe wasioonekana wenye daraja. Dereva wa basi anawaamkia. Askari anawaamkia. Hata kasisi, akidhani hakuna anayemwona, anawaamkia. Mkubwa mzima unamwamkia asiyekufika gotini, na unasema kwa heshima: Shikamooni.

Hakuna anayeitikia. Hakuna aliyetaka waitikie.

Finlo alipita kimya. Mwaka mzima alikuwa akipita kimya, na watu walidhani ni hasira, maana kila mtu alijua Wadogo ndio waliomuua kaka yake, Orry. Orry alipita darajani bila salamu, na dakika kumi baadaye akafia kwenye kona ya Ballacreer, nyuma ya nyumba yao wenyewe. Kona ile lori la maziwa huipita kwa mwendo wa konokono. Mtu aliyekuwa akishindana na upepo kule milimani, afie pale? Si bure, watu walisema.

Kesho mwaka ulikuwa unatimia. Wenzake Orry wangekuja asubuhi, pikipiki thelathini, wamwendee konani kumkumbuka. Finlo angetangulia, na hendeli za kaka yake kwenye pikipiki yake mwenyewe.

Mama yao, Bi Voirrey, alikwisha kusema haendi. Picha ya Orry ilikuwa kabatini, imegeuzwa uso. Kaburini hakupeleka hata ua. "Nilimfundisha salamu kabla hajajua kutembea," alikuwa akisema. "Amejiua kwa kiburi. Nimlilie nini?" Kisha angeendelea kumenya viazi. Finlo angekaa palepale, asikie, anyamaze.

Jioni ile alimpitia mama jikoni akielekea gereji.

"Samaki yuko mezani."

"Sina njaa, Mama."

Alianza kazi. Aliufungua usukani wa zamani, akalegeza sahani inayoshika shokapu, akazichomeka hendeli chini yake na kuzibana. Akapima kwa utepe, kushoto sawa na kulia. Waya wa mafuta akaupitisha mbele ya shokapu, umelegea inavyotakiwa. Akageuza usukani kulia mpaka mwisho, halafu kushoto mpaka mwisho. Waya haukuvutika. Alirudia mara tano. Mwaka huu alirudia.

Akaingia ndani kunywa chai. Aliporudi, usukani ulikuwa umegeuka kushoto. Mpaka mwisho.

Aliunyoosha. Labda aliuacha hivyo mwenyewe. Labda ni yule mwenye mkia mrefu anayewindwa na paka, ambaye sisi wa kisiwani hatumtaji jina, amepita juu ya tangi. Akageuka kuchukua spana ya L kwenye meza.

Kwiii...

Polepole. Chuma juu ya chuma.

Usukani ulikuwa umegeuka kushoto tena. Gereji ilianza kunuka kuvumwani, ule ukijani wa utelezi wa mawe ya mtoni, pamoja na petroli. Finlo alisogea. Hapo ndipo alipouona waya. Haukuwa tena mbele ya shokapu. Ulikuwa umepita nyuma, umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Vilevile alivyoupitisha yeye mwaka jana.

Ndiyo. Hendeli za Orry alizifunga Finlo. Jumamosi ile walikuwa na haraka, wenzao wanangoja, Orry akiuliza kila dakika kama ni tayari. Finlo alikaza bolti ya mwisho akamwambia, "Tayari, panda." Hakuwasha injini wala kugeuza usukani kushoto mpaka mwisho kupima. Kila fundi anajua kipimo hicho. Waya ukipita pabaya, ukikata kona kali ya kushoto unajivuta wenyewe, na injini inapiga resi bila mkono wa mtu. Barabara kubwa hutajua kitu. Utajua kwenye kona ya lori la maziwa, mbele ya ukuta wa mawe.

Na jambo la pili. Finlo alikuwa nyuma ya Orry siku ile, wakirudi nyumbani. Pale darajani alimwona akiinua mkono wa kushoto na kuinamisha kichwa. Orry aliamkia.

Jikoni, nyumba imejaa majirani, mama aliuliza ilikuwaje. Mdomo wa Finlo ndio uliojibu: "Hakuamkia darajani." Watu wakatikisa vichwa. Wakaelewa. Hakuna aliyeuliza habari za waya. Tangu hapo ndipo ganzi ilipomshika, na tangu hapo hakuweza kuwaamkia Wadogo. Utamwamkiaje uliyemsingizia?

"Washa."

Sauti ilitoka pembeni, kwenye kreti ya maziwa. Kulikuwa na mtu amekaa pale. Miguu yake haikufika chini. Koti lake lilikuwa likichuruzika maji, na uso ulikuwa upande usio na taa.

Finlo hakupiga kelele. Alitazama tu maji yakienea sakafuni.

"Washa," mtu yule alinong'ona tena.

Finlo aliwasha. Injini ikanguruma taratibu. Aliunyoosha usukani, kisha akaugeuza kushoto, polepole, polepole...

Pikipiki ikalia.

Ikapiga resi peke yake, kali, vyombo vikatetemeka ukutani, na mikono yake yote miwili ilikuwa haijagusa kishikio cha mafuta. Alizima. Masikio yalimwuma.

"Alituamkia," mtu yule alisema. "Ulimwona."

"Nilimwona."

"Sisi hatukumgusa. Tulimpokea tu."

Kreti ilikuwa tupu. Maji yalibaki.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bi Voirrey alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, uso umempauka.

"Sauti hiyo," alisema. "Siku ile nilikuwa naanika nguo. Nilisikia sauti hiyohiyo, halafu ukuta."

Finlo alifuta mikono kwenye tambara.

"Finlo. Nani alifunga hendeli za Orry?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Alimweleza yote, la waya na la mkono ulioinuliwa, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Mama hakumpiga. Laiti angempiga. Alirudi ndani, na Finlo akasikia kabati likifunguliwa. Kisha akasikia mama yake akilia kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, akimwomba radhi mtu wa kwenye picha.

Yeye alizifungua hendeli, akazirudisha kwenye gazeti. Mpaka leo hajui nani aliuhamisha ule waya. Huenda ni wale. Huenda ni mikono yake mwenyewe, iliyokuwa ikijua siku zote.

Alfajiri mama alimwamsha. Alikuwa amevaa koti la kanisani na amebeba picha. "Twende darajani," alisema. "Utasema mbele yao kama ulivyosema mbele yangu."

Ukungu ulikuwa umelala juu ya daraja. Hakuna gari, hakuna ndege. Finlo alisema kweli yake, akaweka hendeli juu ya ukuta. Mama akaja akasimama karibu naye, mwanamke wa miaka sabini na mmoja. Akainamisha kichwa.

"Shikamooni," alisema. "Tuliwasingizia. Tusameheni."

Mto ulinyamaza. Sisemi ulipungua. Ulinyamaza.

"Marahaba."

Sauti moja tu, kutoka chini ya daraja, nzito, ya kirafiki. Wote wawili waliijua. Ndiyo ile iliyokuwa ikiuliza kila dakika kama ni tayari.

Bi Voirrey alishika ukuta. Alingoja. Mtoto wake aongeze neno, amwite Mama, aseme chochote. Mto ukaanza kutiririka tena.

"Ni yeye," Finlo alisema.

"Si yeye." Mama aliikumbatia picha kifuani. "Mwanangu hawezi kuniitikia marahaba."

Walirudi garini. Finlo alitaka kuwasha, akahisi ubaridi wa ufunguo vidoleni. Alivitazama kwa mshangao. Kisha maumivu yakaja, yote, ya mwaka mzima kwa mara moja, akalalia usukani akalia mpaka pikipiki thelathini zilipoanza kusikika kwa mbali, moja baada ya nyingine zikipunguza mwendo kuja kuamkia.

Alipoinua kichwa, juu ya ukuta wa daraja palikuwa na gazeti lililolowa. Hendeli hazikuwapo.