Vidonge Katika Chai ya Fundi Saa

Mama Cherehani alikuwa mshonaji, na mumewe alikuwa fundi saa. Wote wawili walifanyia kazi sebuleni. Mke alikaa karibu na mlango, mume karibu na dirisha penye mwanga. Chai ya asubuhi ilipikwa na mkwe wao, mke wa mtoto wao wa kiume.

Daktari alikuwa amemwambia fundi kwamba ana kisukari, akampa dawa na kumtaka aache chai ya sukari. Mama Cherehani alilipokea shauri hilo shingo upande. Mtu kanywa chai tamu tangu utoto, leo iwe sumu?

Asubuhi moja aliingia jikoni kuchota maji. Akamwona mkwe akidondosha vidonge viwili vidogo vyeupe katika kikombe cha fundi. Vikayeyuka papo hapo. Mkwe akarudisha kikopo cha vidonge kabatini.

Mama Cherehani aliingiwa na hofu. Alikumbuka jirani aliyewahi kusema kwamba utamu wa vidonge huleta saratani. Tena mkwe huyu si msemaji, nani ajuaye anawaza nini? Fundi alipoanza kulalamika kwamba haoni vizuri meno ya magurudumu ya saa, mkewe akajisemea juu ya mkwe: nimekukamata.

Kuanzia hapo, mkwe akigeuka tu, yeye huimwaga chai ile na kumtilia mumewe nyingine, yenye sukari vijiko vitatu. Fundi aliifurahia na hakuuliza. Lakini hakupata nafuu. Kiu haikumwisha, alikwenda msalani kila mara, na macho yalizidi ukungu. Mama Cherehani akaamini kwamba sumu ilikwisha kumkaa mwilini.

Walipokwenda kliniki, kipimo kilionyesha sukari imepanda sana. Daktari akasema huenda dawa haitoshi, itabidi aiongeze. Mama Cherehani alitoka nje kimyakimya, akamfuata muuguzi na kumpa kile kikopo, alichokuwa amekichukua kabatini.

"Nipimie vidonge hivi, mwanangu. Mkwe wangu anamtilia mume wangu kwenye chai."

Muuguzi alisoma maandishi ya kikopo, kisha akamkalisha. Akamweleza kwamba vidonge vile huleta utamu tu. Havina sukari, wala havipandishi sukari ya mwili.

"Na saratani?"

"Hofu hiyo tumeisikia wengi, ndiyo maana wataalamu wamevichunguza miaka mingi na hawajaacha. Mtu asipopita kiasi kinachoshauriwa, vinahesabiwa kuwa salama. Wapo wachache waliozaliwa na ugonjwa adimu, aina moja ya vidonge hivi haiwafai. Kwa hiyo soma maandishi kila mara. Lakini si dawa, mama. Havitibu kisukari, wala si ruhusa ya kula ovyo. Bora zaidi ni kuuzoesha ulimi utamu mdogo, taratibu."

Halafu akauliza, "Chai anayokunywa mzee nyumbani ina nini?"

Mama Cherehani alitazama sakafu. "Sukari. Vijiko vitatu. Ninatia mimi."

Muuguzi alimshika mkono wakarudi kwa daktari. Daktari alipoelezwa, aliiacha dawa kama ilivyokuwa. Akasema kama angeiongeza bila kujua, halafu siku moja sukari ile isitiwe, fundi angeweza kuzirai. Akawafundisha mume na mke: fundi akitetemeka na kutokwa jasho ghafla, huenda sukari imeshuka mno. Hapo vidonge vile havisaidii kitu. Apewe sukari ya kawaida haraka, ikiwa anaweza kumeza, kisha aletwe kliniki.

Jioni Mama Cherehani alimfuata mkwe jikoni, akamweleza yote.

"Mama, ungeniuliza tu," mkwe alisema.

"Hata ungenijibu, nisingekuamini."

Mkwe aliitua sufuria ya chai. Kisha akasema alinunua vidonge vile kwa sababu baba mkwe alikuwa akiacha chai nusu kikombe, akilalamika kwamba haina ladha. Alimwonea huruma. Mama Cherehani akamwomba radhi.

Sukari ya fundi ilishuka polepole, na macho yakaona vizuri tena. Vidonge vilipunguzwa hadi kimoja, kisha akaizoea chai isiyo na utamu. Mama Cherehani hakuacha kushuku vitu. Dukani husimama akisoma kila chupa iliyoandikwa "bila sukari", na asipoelewa huiweka kando. Siku ya kliniki humwuliza muuguzi, na mkwe, akiwa kando yake, huuliza maswali yake mwenyewe.