Kiatu Kwenye Mkono Uliokunjwa

Jua lilikuwa linazama Mkono Mwepesi alipokumbuka kiatu. Wenzake kwenye machimbo walimpa jina hilo kwa jinsi alivyopangusa mifupa ya kale kwa brashi bila kuisogeza hata kidogo. Akageuka njiani, akarudi peke yake huku akijilaumu.

Mchana ule mpiga picha alikuwa amesahau kijiti cha kipimo. Bosi akataka chochote cha kuonyesha ukubwa, na Mkono Mwepesi alikuwa na kiatu cha bintiye mkobani, cha kupeleka kwa fundi. Akakiweka palipokuwa na nafasi, kwenye mkono wa mwanamke aliyezikwa pale maelfu ya miaka iliyopita. Mwanamke huyo alilala ubavu, mkono ameukunja kama anayekumbatia mtoto. Mtoto hakuwepo. Walichekecha udongo wote, wasione hata jino.

"Umempa wa kulea," mpiga picha alimtania.

Walicheka. Naye alicheka, Mungu amsamehe.

Sasa alipiga magoti ukingoni mwa shimo, akafunua turubai.

Harufu ikampiga puani. Haikuwa ya udongo...

Ilikuwa ya maziwa.

Kiatu kilikuwepo. Lakini mkono ulikuwa umejikunja zaidi, na vidole vimekikamata. Mifupa ile aliipangusa mwenyewe. Alijua kila mmoja ulivyolala.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Huyo ni wangu."

Akavuta. Hakikutoka. Akavuta tena, kwa nguvu zake zote.

Ka!

Kitu kilikatika. Hakungoja kujua ni nini. Alikimbia mpaka nyumbani.

Mama mkwe wake alikuwa mlangoni, roho juu. "Ulikuwa wapi, mwanangu? Mtoto kalala tangu mchana, namwamsha haamki. Sasa hivi tu kashtuka, kapiga ukelele."

Alimkumbatia bintiye, akalia kwa furaha. Mtoto alikuwa mzima. Ila kwenye kifundo cha mguu palikuwa na alama za vidole, na udongo mwekundu.

"Mama, mbona umenivuta kwa nguvu? Yule mama alikuwa hajamaliza kunibembeleza."

"Nyamaza, mwanangu. Yamekwisha."

Alitaka kuweka kiatu chini. Ndipo akakiona, kimenasa kwenye mkanda wa kiatu: kifupa chembamba, kilichojikunja.

"Amesema atakifuata kidole chake," mtoto alisema, akipiga miayo.

Mkono Mwepesi akakumbuka kwamba hakurudisha turubai.