Wamae Aanza Kazi Saa Moja

Wamae alikuwa fundi wa kuandika vibao. Aliandika majina kwenye maduka, hoteli na malori. Mkono wake ulikuwa mzuri. Herufi zake zilisimama wima, na mtu aliweza kuzisoma kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa miaka sita aliajiriwa mjini Nyeri kupaka rangi nyumba za kaunsili ya mji. Huko kengele ililia saa mbili kasorobo, na msimamizi alisimama mlangoni na daftari la majina. Mwaka wa 1973 Wamae aliacha kazi hiyo. Alitaka kujitegemea. Akahamia Karatina na mke wake, Watiri, na binti yao mdogo, Murugi. Walipanga nyumba ya mbao karibu na soko.

"Sasa bosi ni mimi," Wamae alimwambia mke wake.

Siku ya kwanza aliamka saa mbili. Siku ya pili aliamka saa mbili na nusu. Akiamka, alikwenda hotelini kunywa chai. Hapo alimkuta rafiki yake Mutahi, fundi wa baiskeli, akisoma gazeti. Walizungumza habari za mpira, kisha za bei ya kahawa, kisha za mpira tena. Saa nne Wamae alirudi nyumbani kutafuta vifaa. Brashi moja ilikuwa chini ya kitanda. Nyingine ilikuwa imekauka na rangi ya jana, ngumu kama mti. Mara nyingi saa tano ilipita kabla hajaandika herufi hata moja.

Mwezi wa nne, mwenye bucha mmoja aitwaye Moffat alimpa kazi. Alitaka jina la bucha liandikwe kwa rangi nyekundu kwenye ukuta mweupe. Bucha ingefunguliwa baada ya siku mbili.

"Nitakungoja kesho saa moja asubuhi," Moffat alisema.

Wamae alifika saa tano na nusu. Alifanya kazi vizuri, akamaliza saa nane. Lakini huo ulikuwa msimu wa mvua. Siku hizo asubuhi kulikuwa na jua, na ule mlima mkubwa wa huko ulionekana wazi mpaka theluji yake. Mchana mawingu yalishuka, na saa tisa mvua ilinyesha. Siku hiyo pia ilinyesha. Rangi ilikuwa bado mbichi. Herufi zikalegea, zikatiririka ukutani mpaka chini.

Moffat alitoka nje, akatazama ukuta kwa muda mrefu.

"Wamae, sasa watu watasema ni mtu tumechinja hapa," alisema. "Wewe enda tu. Nitaita fundi wa Nyeri."

Wamae alifika nyumbani akiwa amelowa. "Mvua imeniharibia kazi," alisema.

Watiri alimpa nguo kavu. "Baba Murugi, mvua ilikuja saa tisa. Wewe ulienda saa ngapi?"

Wamae akageukia ukuta, akavaa shati kavu.

Watiri alikuwa katika kikundi cha akina mama kilichoitwa Ngwataniro, yaani ushirikiano. Akina mama hao walikuwa wamelima mashamba ya watu na kuweka akiba kwa miaka minne. Sasa walikuwa wamenunua lori kuukuu la kubeba kabichi na viazi kwenda Nairobi. Jumamosi iliyofuata mchungaji angelibariki mbele ya watu wote. Jina la kikundi lilitakiwa kuandikwa pande zote mbili.

Katika mkutano, Watiri alisimama akasema mume wake anaweza kazi hiyo. Mama mmoja akacheka. Wengine wakainamisha macho. Habari za bucha zilikuwa zimefika kote sokoni.

Mwenyekiti wao, mama mmoja mzee aitwaye Kabura, alifikiri kidogo. "Nitamjaribu kwa sababu yako, Watiri," alisema. "Lori litakuwa kwangu Jumanne mpaka Ijumaa. Lakini jina hilo likiharibika, wewe ndiye utatueleza."

Watiri alimpelekea mume wake habari hizo. Hakumgombeza. Alisema tu, "Nimesema mbele ya watu kwamba unaweza." Wamae aliona mikono yake, iliyopasuka kwa jembe, na moyo ukamuuma.

Jirani yao alikuwa Khavere, muuguzi kutoka Kakamega. Asubuhi ya Jumapili alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku. Alimkuta Wamae uani, akipekua kisanduku.

"Unatafuta nini, Baba Murugi?"

"Brashi ndogo, Sista. Kila siku natafuta. Ati nimekuwa mtu wa kutafuta, si wa kuandika."

"Na nani anakuamsha asubuhi?"

"Hakuna. Mimi ni bosi yangu mwenyewe."

"Basi huyo bosi amelala," Khavere alisema taratibu.

Wamae alitaka kukasirika, lakini akacheka. Akamsogezea kiti. "Sista, nieleze. Nyeri nilikuwa nafika mapema kila siku. Hapa nashindwa na nini?"

"Huko kengele ilikuwa inakufanyia hiyo kazi. Hapa hakuna kengele, kwa hivyo lazima uiweke mwenyewe." Khavere aliketi. "Sikia vile sisi hufanya wodini. Kabla sijatoka zamu, naosha vifaa vyote. Napanga trei: sindano, pamba, dawa. Naandika mgonjwa gani aangaliwe kwanza. Yule anayekuja haulizi kitu. Ananawa mikono na kuanza. Tungeanza kutafuta pamba asubuhi, wagonjwa wangeumia."

"Lakini mimi sina mwingine wa kunipangia."

"Uko naye. Wewe wa jioni unampangia wewe wa asubuhi. Jioni osha brashi, panga rangi, kata shauri utaanza na kazi gani. Asubuhi amka saa ile ile kila siku, hata kama hakuna mtu anakungoja. Oga, kunywa uji hapa nyumbani, toka. Na ile kazi ngumu ndiyo ufanye kwanza, kichwa kikiwa bado safi."

"Na marafiki?"

"Marafiki wako na saa yao. Si saa hii ya jua la asubuhi."

Jumapili jioni Wamae aliosha brashi zote kwa mafuta ya taa. Jumatatu aliamka saa kumi na moja na nusu. Alikunywa uji, akachukua kisanduku, akaondoka kwenda kununua rangi. Njiani alipita hotelini. Mutahi alimwita. "Dakika tano tu," Wamae alisema. Alipotoka, ilikuwa saa nne.

Alinunua rangi, akarudi nyumbani kichwa chini. Akamwambia Watiri ukweli.

"Si umeamka mapema?" Watiri alisema. "Hiyo nusu umeweza. Shida ni njia. Kesho usipite hotelini. Pita njia ya juu, ya mashamba ya kahawa. Nitakujazia chai kwenye chupa uende nayo."

Jumanne Wamae alipita njia ya juu. Saa moja alikuwa mbele ya lori. Kisanduku kilikuwa tayari, hakutafuta kitu. Alivuta uzi, akachora mistari kwa chaki. Herufi za Ngwataniro ni kumi, na ubao wa lori ulikuwa na mabonde. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Aliifanya kwanza, jua likiwa bado jipya na mikono ikiwa haijachoka.

Saa tatu Mutahi alikuja na gazeti lake. "Umepotea wapi? Twende chai."

Wamae aligeuka. Hakutaka kumuudhi. "Mutahi, saa hii nafanya kazi," alisema. "Njoo saa saba, tule pamoja. Nitakuwa na nafasi."

Mutahi akakunja gazeti, akaondoka bila kuaga. Wamae alimtazama mpaka akapotea. Lakini brashi haikushuka.

Saa tano upande mmoja ulikuwa umekamilika. Jua likaukausha. Saa saba Mutahi alirudi, amebeba viazi vya kuchoma. Walikula wakiegemea gurudumu, na Mutahi akasoma kila herufi kwa sauti. Saa tisa mvua ilinyesha. Wamae alisimama chini ya paa la Kabura, akitazama. Maji yaliteleza juu ya herufi, yakadondoka chini yakiwa safi. Hakuna rangi iliyotoka.

Kabura alitoka jikoni, akagusa herufi ya mwisho kwa kidole. Akakitazama kidole. "Imeshika," alisema.

Jumatano Wamae aliandika upande wa pili. Alhamisi mvua ilianza saa nne, lakini hakuwa na haraka. Ijumaa, saa mbili tu asubuhi, aliongeza maua mawili madogo ya njano juu ya mlango wa dereva. Hakuna aliyemwagiza.

Jumamosi watu walijaa. Mchungaji aliomba. Kisha Kabura akaondoa kitambaa kilichofunika ubavu wa lori, na jina likaonekana, jeupe na la kijani, bila doa. Akina mama walipiga vigelegele vitano, kama wanavyofanya mtoto wa kiume anapozaliwa. Kabura alimshika Watiri mkono, akamvuta mbele.

"Huyu alisema mume wake anaweza," aliwaambia watu. "Na ameweza, siku moja kabla."

Watiri alijifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. Wamae alisimama kando yake, rangi ya kijani kwenye kucha, akitabasamu kama bwana harusi.

Wiki hiyo alipata kazi nne. Mwezi uliofuata alipata kumi na moja. Mwenye lori mmoja alitoka mbali, kule Mwea, akitaka herufi kama zile. Kabla ya mwaka kwisha, Wamae na Watiri walihamia nyumba ya mawe yenye chumba cha kufanyia kazi. Hakuna kengele iliyolia hapo. Lakini kila siku, maduka ya Karatina yalipofunguliwa saa tatu, Wamae alikuwa juu ya ngazi, akimalizia kibao chake cha kwanza.