Chai Shavuni, Ndimu Juani

"Ngozi ya kunishinda mimi haijazaliwa," alisema msusi, akikoroga sufuria ya majani ya chai. "Nikiishika, inanyooka kama nywele."

Ndugu zangu wa mtaa, saluni yake mnaijua: chumba kimoja, kioo chenye ufa, wateja wakichekeana chini ya mataulo. Amani tupu. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imesema kwamba chai ina viambato vinavyoweza kufifisha madoa ya ngozi. Msusi alisikia hadi hapo. Maelezo yaliyobaki yalimezwa na mashine ya kukaushia nywele.

Mdogo wake, mshonaji wa mlango wa pili, alikuwa na madoa ya chunusi, na wakwe watarajiwa walikuwa njiani kuja kumwona Jumapili.

"Dada, una hakika lakini?"

"Nani kakulea? Kaa hapo."

Uji wa majani ulipokuwa tayari, msusi akasita kama mpishi aliyesahau chumvi. Tangu azaliwe hajanywa chai bila ndimu. Ataipakaje bila ndimu? Akakamulia mbili nzima, akampaka mdogo wake mashavuni kwa vidole vitatu, akamkalisha nje kwenye kigoda.

"Kaa juani ikauke. Na usicheke, itapasuka."

"Inawasha, dada."

"Urembo ndivyo unavyoanza, mama. Tulia."

Kesho yake mashavu yalivimba malengelenge. Yaliponywea, ikabaki michirizi myeusi, mitatu kila shavu. Mshonaji akajifungia chumbani.

"Fungua, mdogo wangu."

"Nikufungulie umalizie na paji la uso?"

Hatimaye mlango ukafunguka. Msusi akaiona ile michirizi, kisha akavitazama vidole vyake. Akamshika mkono mdogo wake, wakaenda kwa daktari wa ngozi.

"Chai haijakuchoma," daktari alimwambia mshonaji. "Maabarani, viambato vyake vimeonekana vikizituliza chembe hai zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ila hizo ni chembe kwenye kichupa, si shavu la mtu. Kilichokuchoma ni ndimu kukutana na jua. Tumia dawa hii, jikinge na jua, na uwe na subira. Michirizi itafifia."

Jumapili wakwe walifika. Kabla hawajauliza, msusi akasimama mbele yao. "Uso huu nimeuharibu mimi. Mwenyewe hana kosa." Mama mkwe akamvuta mshonaji, akamketisha karibu yake. "Tumekuja kumwona mtu," alisema, "mashavu yatafuata."

Michirizi ilichukua miezi kufifia. Sufuria ya saluni sasa inachemshiwa chai ya wateja, ya kunywa tu.

FUNZO

Jamani, chai ni ya kikombeni. Neno la kitaalamu lisikilizeni hadi mwisho, na uso wa mtu msiufanye sufuria ya majaribio. Ngozi ikiwasumbua, nendeni kwa daktari. Mimi ninayewaandikia haya, namshukuru Mungu kwa akili timamu, sijawahi hata kulifikiria jambo la kipuuzi kama…

"Umefika wapi?" Mshonaji amesimama nyuma yangu, anasoma. "Ahaa, akili timamu! Na yule aliyekuja jioni ile ile niliyopakwa kuuliza kama chai imebaki, alikuwa pacha wako? Hebu shusha kola, wasomaji waione hiyo shingo."